UZI: Mwanasayansi wa bioteknolojia anayetaka kuwa mshauri mwelekezi akiwa Dodoma: hadidu za rejea, bei, kodi na kazi zenyewe

Kilimani_Bio

Wakuu, habari za wakati huu. Uzi huu ni kwa wenye fani ya bioteknolojia, mikrobiolojia, baiolojia ya molekuli na zinazokaribiana nazo, walio Dodoma, Singida na kanda ya kati kwa ujumla, wanaotaka kuishi kwa kazi ya ushauri elekezi. Naomba tuandike mambo ya kufanyika: hatua, vipimo, hesabu, na mahali watu wanapokwama.

Naanza na kosa linaloua wengi mapema. Mteja hanunui shahada yako. Ananunua jibu la swali moja ambalo kila siku linapobaki bila jibu linamla fedha. Ukijitangaza "mtaalamu wa bioteknolojia", hakuna anayejua akuitie nini. Ukisema "natafuta chanzo cha uchafuzi kwenye maabara ya miche ya chupa na kukabidhi utaratibu wa kuuzuia ndani ya siku 12", mwenye maabara inayotupa chupa kila wiki anakupigia simu.

Kwa ukanda wetu maswali yanayolipiwa yanajulikana. Sumukuvu (sumu inayotolewa na kuvu) kwenye mahindi na karanga. Mchuzi wa zabibu unaogoma kuchachuka. Maabara inayotaka ithibati (uthibitisho rasmi wa umahiri) ya ISO 17025, au 15189 kwa za hospitali, kupitia SADCAS, chombo cha ithibati cha nchi za SADC. Majalada ya usajili TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) kwa vitendanishi (kemikali za kupimia), chanjo na bidhaa za kibaiolojia. Miche ya tishu, yaani ile inayokuzwa kwenye chupa. Chanjo za kuku na mnyororo wa ubaridi wake. Chagua moja, mawili yakizidi sana. Anayeorodhesha yote sita kwenye wasifu wake anaonekana hana hata moja.

Kuwa Dodoma kunasaidia kuliko watu wanavyodhani. Wizara ziko Mtumba, PPRA (mamlaka ya ununuzi wa umma) iko hapa, vituo vya utafiti wa kilimo vya TARI Makutupora na TARI Hombolo viko jirani, TALIRI ya utafiti wa mifugo iko Mpwapwa, UDOM iko mlimani pale. Barua ikirudishwa na swali unaenda kulijibu siku hiyohiyo, wakati mwenzako anakata tiketi kutoka mkoa mwingine.

Sasa hadidu za rejea, yaani maandishi yanayosema kazi ni ipi na mipaka yake. Mteja akikupa hadidu zenye neno "na kazi nyingine zitakazojitokeza", usisaini. Hadidu zako ziwe na mambo haya: swali lenyewe kwa sentensi moja, nini kitakabidhiwa (ripoti, utaratibu wa kazi ulioandikwa, mafunzo ya siku ngapi kwa watu wangapi), nini HAKIMO, mteja atatoa nini na lini (sampuli, kumbukumbu za miezi 6, mtu wa kukufungulia maabara), siku za kazi, na nani mwenye mamlaka ya kusema "kazi imepokelewa". Hilo la mwisho ndilo husahaulika zaidi. Bila jina la cheo cha anayepokea, ripoti yako itazunguka meza nne, kila meza iongeze swali, na malipo ya mwisho yatazunguka nayo.

---

Mzee_Ntyuka

Uzi mzuri. Naongeza upande wa usajili, maana vijana huruka hapa halafu kazi ya kwanza nzuri inawapita.

Jina la biashara kupitia mfumo wa mtandaoni wa BRELA (wakala wa usajili wa biashara) linatosha kuanzia. Kasoro yake ni kwamba wewe na biashara ni mtu mmoja kisheria: ushauri wako ukileta hasara, mali yako binafsi inaguswa. Kwa ushauri wa bidhaa zinazoingia mwilini mwa mtu, yaani dawa, chanjo na vitendanishi vya uchunguzi, sajili kampuni yenye ukomo wa dhima. Kwa mafunzo ya maabara au mvinyo, jina la biashara linabeba.

Baada ya hapo TIN ya biashara TRA, kisha leseni ya biashara. Baadhi ya leseni hutoka BRELA na nyingine halmashauri, kwa hiyo taja shughuli yako sawasawa unapouliza. Fani yako ikiwa na baraza, kwa mfano wataalamu wa maabara za afya, usajili wako wa baraza uwe hai. Mteja makini huanza kuuliza huo kabla ya chochote.

Kodi:

Mteja mkazi akikulipa ada ya huduma anakata kodi ya zuio 5%. Fedha hiyo ni sehemu ya kodi yako ya mwaka iliyolipwa mapema. Dai cheti cha zuio kwa kila malipo. Bila cheti huwezi kuidai kwenye ritani (taarifa yako ya kodi ya mwaka), na utailipa mara mbili.

VAT kiwango cha mauzo ni milioni 200 kwa mwaka tangu 2023, lakini sheria ina kanuni tofauti kwa watoa huduma za kitaalamu, ambao hutakiwa kusajiliwa bila kuangalia mauzo. Kaa na mhasibu juu ya hilo kabla ya ankara ya kwanza, siyo baada ya barua ya TRA.

Kazi za Serikali zote hupita NeST, mfumo wa zabuni wa mtandaoni uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023. Jisajili mapema. Hati zako za BRELA, TIN na leseni zinatakiwa zisomeke jina lilelile, herufi kwa herufi. Tofauti ndogo, mfano "Bio Tech" na "Biotech", inatosha kukukwamisha siku ya mwisho ya zabuni.

---

Kijana_Ipagala

Shikamoo mzee. Shukrani kwa hilo la cheti cha zuio. Swali langu ni bei. Mteja akiniuliza "kwa siku shilingi ngapi", nianzie wapi bila kukisia?

---

Kilimani_Bio

Mkuu, anza na siku, shilingi zifuate.

Mwaka una wiki 52, siku za kazi 260. Ondoa likizo, sikukuu na kuumwa, weka 35. Zinabaki 225. Nusu ya hizo hakuna anayezilipia: kuandika zabuni, kufuatilia malipo, kusoma, kukutana na watu. Unabaki na siku kama 110 za kuuza.

Chukua mfano wa namba za kufanyia hesabu: unataka mapato ya milioni 36 kwa mwaka kabla ya kodi ya mapato, na gharama za kuendesha (usafiri, intaneti, mhasibu, bima, chumba cha ofisi) ni milioni 12. Jumla milioni 48. Gawa kwa 110 unapata kama 436,000. Ongeza 20% ya kujikinga na mteja anayechelewa na kazi inayozidi siku, unafika kama 525,000.

Kazi ya siku 12 ni 6,300,000. Zuio la 5% ni 315,000, mkononi inafika 5,985,000. Gharama za maabara, vitendanishi na usafirishaji wa sampuli zisiingie humo: ziwe mstari wa pili, zilipwe kwa risiti, na vitendanishi avinunue mteja mwenyewe ikiwezekana. Mshauri anayenunua vitendanishi kwa fedha yake anamkopesha mteja bila riba.

Awamu za malipo: 30% ripoti ya awali ikipokelewa, 40% rasimu, 30% ripoti ya mwisho. Usiache zaidi ya 30% mwishoni.

---

Dada_wa_Mpwapwa

Nakubaliana na hesabu, ila sikubaliani na kumtajia mteja bei ya siku kwa kazi za kutafuta tatizo. Bei ya siku inamfanya ahesabu saa zako. Ukigundua tatizo siku ya tatu, anataka kulipa siku tatu, wakati alichonunua ni miaka yako ya kujua pa kuangalia. Tumia hesabu ya siku ndani kwako, nje toa bei moja ya kazi nzima yenye mipaka. Bei ya siku iache kwa mafunzo na kwa kazi za zabuni zinazoidai.

Nitoe mfano wa kazi moja kwa karibu ili wanaoanza waone mipaka inavyochorwa. Maabara ya miche ya tishu inapoteza chupa nyingi. Mwenye mali anasema "dawa za kuua vijidudu ni feki". Usianze kwa kukubali wala kukataa. Andaa makundi matatu ya chupa 30:

Kundi A: chakula cha mmea kimepikwa, chupa haijafunguliwa kabisa.
Kundi B: chupa imefunguliwa ndani ya kabati la hewa safi kwa muda uleule wa kupandikiza, ikafungwa bila mmea.
Kundi C: kazi kamili, mmea umewekwa.

Ziache siku 7 kwenye chumba chao cha kukuzia, hesabu kila siku. A ikiharibika, tatizo ni upikaji au vifuniko. A ikipona na B ikaharibika, ni kabati au mkono wa fundi. C peke yake ikiharibika, ni mmea wenyewe au usafishaji wake. Gharama ni chupa 90 na wiki moja, na ubishi wote wa "dawa feki" unaisha.

Halafu angalia uchafu unaanzia wapi. Utando unaoanza pembeni juu ya chakula, mbali na mmea, umetoka hewani. Ukungu wa maziwa unaozunguka kitako cha mmea siku ya 2 hadi ya 4 ni bakteria waliopona usafishaji. Ukitokea wiki ya tatu au ya nne kwenye kitako hichohicho, hao wanaishi ndani ya tishu, na kuongeza klorini hakutawafikia. Unarudi kwenye mmea mama.

Klorini nayo ipimwe. Jiki ya 3.5% ukitaka 1% ni mililita 286 za jiki na 714 za maji. Ila chupa iliyokaa dirishani kwenye joto la Dodoma haina tena 3.5%. Nunua ndogo, andika tarehe ya kufungua, hifadhi gizani.

---

Kijana_Ipagala

Dada, maabara ndogo nyingi hazina otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke), zinatumia sufuria ya presha ya paundi 15 kwa dakika 15 kama vitabu vinavyosema. Kundi A likiharibika kwa mteja wa namna hiyo, nimwambie anunue otoklevu?

---

Dada_wa_Mpwapwa

Hapana. Kwanza mpimie. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ile paundi 15 ya kwenye geji inajumlishwa na mgandamizo wa hewa ya nje, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani. Pwani unapata nyuzi 121, hapa unapata kama 119. Nyuzi mbili zinaonekana kitu kidogo, lakini uuaji wa mbegu za bakteria hushuka mara kumi kwa kila nyuzi 10 hivi, kwa hiyo dakika 15 za 121 zinahitaji kama dakika 24 za 119. Vitabu vingi havisemi hivyo kwa sababu vimeandikiwa mahali pengine.

Tena zile dakika 15 ni za chakula chenyewe kikiwa kimefika joto hilo, na chupa ndogo za mililita 30 hadi 50. Flaski ya lita moja iliyojaa inachelewa kupata joto katikati. Ipe dakika 30 hadi 40. Na hewa itoke kwanza: mvuke utoke kwa nguvu dakika 5 hadi 7 kabla ya kufunga valvu, maana hewa iliyonaswa ndani inapandisha geji bila kupandisha joto.

Jambo la pili ni maji. Maji ya visima vyetu yana chumvi. Yanaziba mashine ya kuondoa ayoni mapema na kuacha magamba kwenye sufuria. Chakula cha MS (Murashige na Skoog, mchanganyiko wa kawaida wa kukuzia miche ya tishu) kinahitaji maji yaliyotoneshwa, pH 5.7 hadi 5.8 ipimwe kabla ya kupika, na kipima pH kisahihishwe kwa myeyusho wa 4 na wa 7 asubuhi ya siku hiyo. Chakula kisichoganda vizuri mara nyingi pH yake ilishuka chini ya 5, agari haina kosa.

---

Sampuli_Mia

Nichangie sumukuvu, maana hapa ndipo washauri wachanga wanapoharibu jina kwa kipimo kizuri cha sampuli mbaya.

Kanda yetu inalijua jambo hili kwa uchungu. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa sumu hii. Kwa hiyo mteja akikuita usikimbilie mashine. Sumu haisambai sawa kwenye shehena: punje chache zinabeba karibu yote, nyingine ni safi kabisa. Sehemu kubwa ya makosa hutokea kwenye kuchukua sampuli, siyo maabara.

Lori la tani 30 pale Kibaigwa ni magunia 300 ya kilo 100. Chukua vidoko (sampuli ndogondogo) 100 vya gramu 100, yaani kila gunia la tatu, kwa bambo refu (mrija wa kuchomea gunia) linalofika katikati ya gunia. Unapata kilo 10. Zote kilo 10 zisagwe hadi unga laini na kuchanganywa vizuri, ndipo upunguze hadi gramu 50 za kupimia. Anayetoa gramu 50 za punje nzima kisha akazisaga amepima bahati. Andika pia nani alichukua, saa ngapi, na gunia lipi, na ufunge mfuko kwa lakiri.

Kikomo cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa sumukuvu jumla na 5 kwa B1. Vifaa vya ELISA (vya kupimia sumu hii) vikae nyuzi 2 hadi 8; vikishinda kwenye gari nje ya Kongwa saa sita mchana, kalibresheni (usahihishaji wa kipimo) inaweza kupita huku namba za sampuli zikipotoka, kwa hiyo kila safu ya kupimia iwe na sampuli rejea yenye kiwango kinachojulikana.

Ripoti iseme "sampuli iliyopokelewa ina kiasi hiki". Maneno "shehena ni salama" yaandike tu kama wewe mwenyewe ulisimamia uchukuaji. Sentensi hiyo moja ndiyo itakayosomwa siku ya ugomvi.

Wakulima wakiuliza kinga: Aflasafe TZ01 ni kuvu rafiki, jamii ileile ya Aspergillus flavus inayoleta sumu hii, ila aina isiyotoa sumu. Kilo 10 kwa hekta, wiki 2 hadi 3 kabla ya mahindi kutoa maua, udongo ukiwa na unyevu. Ikitupwa kwenye vumbi kavu haioti, na mkulima atasema haifanyi kazi.

---

Hombolo_Nyeusi

Mvinyo kwa ufupi. Simu nyingi ni "mchuzi umegoma kuchachuka". Kabla ya kuongeza chochote uliza wanapima sukari kwa nini. Wakisema rifraktomita (inayosoma sukari kwa mwanga), huenda hakuna tatizo: pombe inaipotosha, na mvinyo ulioisha sukari kabisa, ulioanza na Brix (kipimo cha sukari) 22, unaweza kusoma kama 7. Chukua haidromita, ile inayoelea. Ikisoma 0 au chini yake, kazi imeisha zamani.

Kama kweli umegoma, angalia joto kwanza. Tangi la bati linalopigwa na jua likivuka nyuzi 33 hadi 35 hamira inakufa. Pili, hamira ya mikate haivumilii pombe nyingi. Hamira ya mvinyo ni gramu 25 kwa lita 100. Kwa tangi la lita 500 ni gramu 125, ilowekwe kwenye maji mara kumi ya uzito wake, lita 1.25, ya nyuzi 37 hadi 40, dakika 20. Kisha ongeza mchuzi kidogo kidogo mpaka tofauti ya joto ibaki chini ya nyuzi 10. Ukimwaga moja kwa moja kwenye mchuzi wa baridi, nyingi zinakufa kwa mshtuko.

Tatu, salfa. Kukadiria kwa kijiko kumeharibu matangi mengi. Metabisulfiti ya potasiamu, unga unaotumika, inatoa salfa kama 57% ya uzito wake. Ukitaka miligramu 40 kwa lita kwenye lita 1,000, pima gramu 70 kwa mizani.

---

Bio_Singida

Wakuu, naomba kuuliza: kampuni ya nje inataka niwaandalie jalada la kitendanishi TMDA, na pia niwe mwakilishi wao hapa nchini. Ni kazi moja au mbili?

---

Mzee_Ntyuka

Mbili kabisa, mwanangu, mikataba miwili na bei mbili. Kuandaa jalada kunaisha siku jalada linapopokelewa. Uwakilishi hauishi: bidhaa ikileta madhara au ikitakiwa kuondolewa sokoni, wewe ndiye utakayeitwa. Uwe na ada ya kila mwaka, kumbukumbu za kila kundi la bidhaa lililoingia, na kipengele cha kujitoa kwa notisi.

TMDA ilifika ngazi ya tatu ya ukomavu ya WHO Desemba 2018, ya kwanza Afrika, kwa hiyo usitegemee jalada lenye mapengo kupita. Kwa dawa na chanjo muundo ni moduli (sehemu) 5; maswali mengi yanatoka moduli ya 3, ya ubora: takwimu za uthabiti zisizofika muda unaodaiwa kwenye lebo, na vyeti vyenye anwani ya kiwanda tofauti na iliyo kwenye fomu. Kagua anwani kwanza, ni saa moja tu.

Na ukipokea kamisheni kutoka kwa muuza vitendanishi, usimshauri mteja anunue nini bila kumwambia hilo kwa maandishi.

---

Kilimani_Bio

Nimalizie walio kazini. Mtumishi wa umma aombe kibali cha mwajiri kwa maandishi. Wahadhiri, vyuo vina kurugenzi za ushauri elekezi zenye mgawo wao. Kupitia huko unapata maabara na jina la chuo. Kutumia maabara ya mwajiri kwa mteja wako wa pembeni bila mkataba ni kosa la ajira.

Sampuli za binadamu zinahitaji kibali cha maadili, NIMR (taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) au kamati ya taasisi husika, na zikienda nje ya nchi kuwe na mkataba wa uhamishaji. Taarifa za wagonjwa ziko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hivyo jedwali lenye majina halitumwi kwa WhatsApp. Kazi inayogusa viumbe vilivyobadilishwa vinasaba iko chini ya Kanuni za Usalama wa Bioteknolojia za 2009, mlango wake ni Ofisi ya Makamu wa Rais. Jaribio la mahindi Makutupora lililopandwa 2016 baadaye Serikali ililisitisha, kwa hiyo mteja wa kazi za namna hiyo mwandikie hatari ya sera kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti.

---

Kijana_Ipagala

Na sampuli zilizobaki baada ya ripoti, nizitunze muda gani?

---

Sampuli_Mia

Iandike kwenye mkataba. Kwa unga wa sumukuvu, nusu kilo kwenye mfuko usiopitisha hewa, kwenye friza, siku 90 tangu ripoti ipokelewe kwa saini. Sampuli ya pili yenye lakiri abaki nayo mteja, na namba ya lakiri iwe ndani ya ripoti.